Elfu Nne za Kubeba Damu

Mradi wote ulinigharimu shilingi elfu nane mia sita na arobaini, na jogoo mmoja. Nimehesabu mara mbili, kisha nikamwita jirani ahesabu, naye akapata vilevile. Elfu nne mia sita na arobaini nilirudishiwa. Jogoo tulimla. Elfu nne zilizobaki ziko Ulaya, mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilikuwa na daftari, na habari zake ninazo zote.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nikikaa Huruma, upande unaotazamana na Mathare, chumba kimoja chenye ua nyuma unaoteremka hadi mtoni. Uani nilifuga kuku wa mayai. Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa; salamu alituma kila mwezi, na pesa alipokumbuka. Kuku ndio waliolipa kodi, karo na michango ya kanisa. Tena ndio waliokuwa wakininunulia ardhi. Kina mama tuliotoka Murang'a tulikuwa na kampuni yetu, tumenunua shamba huko Njiru, kila mmoja apate kipande chake. Mimi nilikuwa nimebakiza elfu nne. Sheria ya kampuni ilikuwa nyepesi kukumbuka: asiyemaliza kulipa kufikia mwisho wa mwaka, kipande chake anapewa anayefuata kwenye foleni, naye anarudishiwa alichokwisha kutoa, bila haraka. Namjua mama mmoja aliyekuwa akirudishiwa bila haraka. Alipoanza kungoja, binti yake alikuwa darasa la kwanza. Nilipoacha kumuuliza, binti alikuwa ameolewa.

Hizo elfu nne nilikuwa nazo tayari, kwenye kitabu cha akiba. Nilikuwa nangoja tu mwaka ukaribie kwisha, maana sijawahi kulipa deni kabla ya siku yake. Pesa ikilala kwangu inalala vizuri zaidi.

Sasa, kila Jumapili palikuwa na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kumwona mama yake Jericho, na akirudi hupitia kwangu kuchukua trei ya mayai. Alikuwa msomi wa lishe ya mifugo. Kubishana bei hakujua hata kidogo. Ukimwambia arobaini na tano, anasema, "Haiwezi kuwa arobaini na nne?" Mtu mzima, na digrii mbili. Nilikuwa nampunguzia kwa huruma.

Jumapili moja, mwaka uliofuata ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, alinikuta nalalamika. Chakula cha kuku kilikuwa kimepanda mpaka mayai yakawa yananidai. Akaangalia kibali changu cha biashara, nilichokuwa nimekitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa.

"Mama, hiki kibali ni chako?"

"Ni cha nani tena? Umeona kuku akienda kulipa chai ya karani?"

Akakaa. Akanieleza kwamba kuna wafadhili wa nchi za baridi waliotenga pesa kwa ajili ya kilimo cha Afrika, lakini hawazitoi kwa chuo peke yake. Wamechoka na vyuo. Vyuo vinaandika vitabu. Wanataka watu watatu washikane mikono: chuo cha huku, chuo cha kwao, na mfanyabiashara. Chuo cha huku alikuwa yeye. Chuo cha kwao alikuwa profesa mmoja rafiki yake aliyemfundisha zamani. Mfanyabiashara walikuwa wamekosa. Makampuni makubwa ya chakula cha mifugo yalikuwa yameulizwa yakataka kujua kwanza ni chakula gani.

"Ni chakula gani?" nikauliza na mimi.

"Damu."

Hapo ndipo nilipoelewa makampuni.

Lakini alieleza vizuri. Kule Kiamaiko, mwendo mfupi kutoka kwangu, mbuzi walichinjwa kila siku, na damu yote ikaingia mtoni. Damu ikichemshwa, ikakaushwa, ikasagwa, inakuwa unga unaoshinda dagaa kwa kumjenga kuku. Wangepima, wangelinganisha, wangeandika. Mimi ningetoa mahali na malighafi. Kila miezi mitatu ningepeleka risiti, nami ningerudishiwa kila senti.

"Kwa hiyo natoa kwanza mimi?"

"Unatoa kwanza, halafu unarudishiwa."

"Hao wazungu wana pesa kuliko mimi?"

"Sana."

"Basi kwa nini wasitoe kwanza wao?"

Akasema ndiyo kanuni. Nikahesabu. Miezi mitatu ilikuwa inaisha kabla ya mwaka. Elfu nne zingeenda matembezi na kurudi, na mimi ningebaki na chakula cha bure milele. Nikatia sahihi. Asubuhi ile nilikuwa muuza mayai. Jioni nikawa sekta ya biashara.

Mkataba uligawa pesa katika mafungu matatu, kila mbia na fungu lake, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa la mwenzake. Chuo cha huku kilipewa utafiti na maabara. Chuo cha kwao kilipewa mashine na usafirishaji, kwa kuwa mashine ilikuwa inakuja kwa meli na profesa kwa ndege. Mimi nilipewa malighafi na banda. Niliona ni haki. Mtu wa meli na ndege ashike usafirishaji; mimi nasafirisha nini?

Siku iliyofuata nikaenda Kiamaiko. Mkuu wa wachinjaji pale alikuwa mzee wa Kiborana, mpole, kanzu yake nyeupe sana kwa mtu wa kazi ile. Nikamsalimu, nikamuulizia watu wa nyumbani, nikalalamikia jua, kama inavyotakiwa. Kisha nikauliza kama mtu asiye na haja:

"Mzee, hii damu, debe moja ni ngapi?"

"Hiyo? Chukua."

"Naam, lakini ni ngapi?"

"Nimesema chukua, mama."

Nikaondoka. Katika biashara, mtu akikwambia "chukua tu", ujue bei inapikwa ndani. Nililala nikifikiria ujanja wake, na kesho yake nikarudi na mpango.

"Mzee, nitakupa shilingi moja kwa debe."

Uso ukambadilika. "Mama, wewe unataka kunitia motoni kwa shilingi moja?"

"Haya, mbili."

Wachinjaji walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Mzee hakucheka. Akanivuta pembeni penye kivuli, akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa mgeni. Kwa dini yao damu ni haramu, na bei ya damu ni haramu vilevile. Kuitupa anaitupa, nikiiondoa nimemsaidia usafi. Lakini senti yake moja haiwezi kuingia mfukoni mwake, wala mfukoni mwa yeyote aliyekuwa pale.

Nimefanya biashara tangu nikiwa msichana. Nimekutana na watu wa kukataa pesa kidogo, wa kukataa pesa chafu, na mmoja aliyekataa noti kwa kuwa ilikuwa imekunjwa. Huyu alikuwa wa kwanza kunikatalia pesa zenyewe. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyeokota. Malighafi bure!

Mhadhiri hakufurahi.

"Lazima upate risiti, mama."

"Risiti ya nini? Nimepewa."

"Bila risiti ya malighafi, kwa wafadhili hiyo damu haipo."

"Ipo. Njoo uinuse."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Risiti yenyewe haikuwa shida. Mjini hapa palikuwa na mtu ambaye angekuandikia hata risiti ya ndege uliyoipanda ukiwa usingizini. Nikamrudia mzee, nikamwomba aweke dole gumba tu kwenye karatasi, pesa asiguse.

Akasema, "Sasa hiyo ni mbaya kushinda ya kwanza. Nitakuwa nimeuza damu, na tena nimesema uongo kwamba nimeuza damu. Ubaya mara mbili, na faida hakuna." Hesabu yake sikuweza kuipinga. Kisha akaongeza, "Lakini damu haitembei yenyewe. Mbebaji mlipe. Jasho lina bei."

Hapo nikarudi kwenye nchi ninayoijua. Vijana wa mkokoteni walikuwa wamekaa langoni.

"Niaje, mathe. Debe moja ni shilingi nane."

"Nane? Mnalibeba au mnalisomesha?"

"Mathe, hii kitu inanuka. Na inamwagika. Na tukipita, wasichana wanaangalia."

"Wakiangalia si ndiyo vizuri? Tatu."

"Saba."

Tulifika kobole, yaani shilingi tano, baada ya mimi kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili. Walinipa risiti kila wiki, "kubeba debe kadhaa", na mzee akashuhudia kwa moyo mweupe. Mhadhiri akatazama ile ya kwanza, akasema risiti ni risiti. Nami nikamwamini. Kabla mambo hayajaisha walikuwa wamenibebea madebe mia nane. Mara tano. Hiyo ndiyo elfu nne.

Kwa pesa za karo na za kukopa nilinunua mapipa, nikayakatisha nusu kwa fundi wa Kariobangi. Nikanunua kuni. Nikaezeka banda na kutandika mabati mengine ya kuanikia. Mashine ya kukaushia na kusaga ilifika kutoka Ulaya ndani ya sanduku kubwa la mbao, nzuri kabisa, ya kutumia umeme wa viwandani. Huruma tulikuwa na umeme wa taa, siku ambazo ulikuwapo. Basi tukaanika damu juani na kusaga kwa kinu, na kuku mmoja akapenda kutaga juu ya sanduku. Mayai yake mhadhiri aliyaandika kando.

Unga ulikubali, lazima niseme. Kuku walinawiri, na maganda ya mayai yakawa magumu mpaka wateja wa chapati wakalalamika. Mhadhiri alikuwa amewagawa kwa wavu: upande mmoja wa kula damu, upande mwingine wa kula chakula cha kawaida ili walinganishwe. Kila upande kuku wake na jogoo wake mmoja.

Lakini kuchemsha damu kuna harufu. Mwenye nyumba wangu, mzee wa kanisa, alikuja akasimama langoni, leso puani.

"Mama, kuku nilivumilia."

"Asante, mzee."

"Hii sivumilii. Mwisho wa mwaka utafute kwako."

"Kwangu kupo, mzee. Njiru."

"Umemaliza kulipa?"

"Pesa zipo," nikasema. Zilikuwapo. Zilikuwa njiani zikitembea.

Kisha ikaja siku ya wageni: profesa kutoka Ulaya, afisa wa wafadhili, mhadhiri, na mzee wa Kiamaiko niliyemwalika kwa heshima. Wageni hawaangaliwi kwa chai tupu. Ilibidi nichinje. Kuku wa upande wa damu nilijua mzee asingemgusa. Alikwisha kuniambia kwamba kwao kuku aliyekula uchafu hutengwa kwanza siku tatu akila chakula safi, ndipo achinjwe. Siku tatu sikuwa nazo. Upande wa pili majike yote yalikuwa yakitaga, na kuku anayetaga hachinjwi na mtu mwenye akili. Akabaki jogoo. Mzee mwenyewe akamchinja, tukampika kwa nazi na wali.

Walikula. Profesa alilamba vidole. Baadaye, akifuta mikono, akamwomba mhadhiri waende wakampime jogoo wa kulinganisha, maana walikuwa wameacha uzani wake kuwa wa mwisho. Mhadhiri akatazama wavu. Akatazama sahani. Akamwambia jambo kwa Kiingereza, polepole. Profesa akauliza kama kuna anayekumbuka uzito wake.

"Mwambie alitosha watu watano," nikasema.

Afisa wa wafadhili alikuwa mtu wa maswali machache. Alimuuliza mzee, kupitia kwa mhadhiri, analipwa kiasi gani kwa damu yake.

"Silipwi," mzee akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni haramu."

Afisa aliandika, uso ukamng'aa. Profesa akampa mzee mkono. Malighafi isiyo na gharama hata senti! Walipiga picha, mimi katikati nimeshika bakuli la unga, nikicheka. Nikiiona picha hiyo leo namwona mwanamke anayefurahia kufutwa kwa fungu lake.

Miezi mitatu ilipofika nilipeleka risiti. Zikarudi elfu nne mia sita na arobaini: mapipa elfu moja mia moja na hamsini, kuni elfu mbili na tisini, mabati elfu moja mia nne. Nilihesabu pale dirishani, nikahesabu tena ngazini, nikapanda ngazi kurudi.

Mhasibu wa wafadhili, mama wa heshima mwenye miwani ya mnyororo, alinikaribisha chai.

"Mama, za kubeba damu bado," nikamwambia.

Akafunua daftari. "Za kubeba zimelipwa. Zote. Elfu nne."

"Amelipwa nani?"

"Mwenye fungu. Kubeba ni usafirishaji. Usafirishaji ni fungu la chuo cha Ulaya. Risiti zako tuliziweka huko, zikalipwa huko."

"Lakini aliyelipa wabebaji ni mimi."

"Hilo linaonekana wazi. Risiti zina jina lako."

"Basi zirudishwe kwangu."

"Kwako ungelipwa kama ni malighafi. Na malighafi," akageuza ukurasa, akaniangalia kwa pongezi za kweli, "ninyi mliipata bure."

Sijui kama umewahi kubishana na mtu ambaye hajakukosea. Mfukoni mwake hakikuingia kitu. Chai alininunulia yeye. Kila shilingi ilikuwa mahali pake, isipokuwa mahali pake palikuwa ng'ambo ya bahari.

Mhadhiri alipata haya ya kweli. Alimpigia profesa simu kwa pesa zake mwenyewe, jambo ambalo kwa simu za siku hizo lilikuwa sadaka. Profesa alikuwa amehamia mradi mwingine, nchi nyingine, wa njegere. Alisikitika, akasema pesa ziliingia kwenye chungu kikuu cha chuo na mwenye ufunguo ni mhasibu wa kule. Mhasibu wa kule akajibu kwamba chuo kinaweza kumlipa mbia, ila ushirikiano ulifungwa vipimo vilipokwisha, na sasa mimi si mbia wa mtu yeyote.

"Tungoje kidogo, mama," mhadhiri akaniambia.

"Wewe ngoja. Mimi nina Desemba."

Nilikuwa na mambo mawili, karo na Njiru, na pesa za jambo moja. Zile zilizorudi nilikuwa nimekwisha kulipia karo na madeni ya kuni zilizofuata, maana nani angejua? Mwenye nyumba alikuwa amepata mpangaji mwingine. Kampuni ya kina mama ilikuwa imesoma kanisani majina ya wasiomaliza, langu la pili kutoka mwisho. Nikawaangalia kuku. Walikuwa themanini na watatu, wanene, wenye afya ya kimataifa.

Nikawapakia mkokoteni, vijana walewale, bei ileile, nikawapeleka sokoni Burma. Mnunuzi aliwapapasa vifua, akajua mara moja kwamba nina haraka. Haraka ina harufu kushinda damu.

"Hamsini kila mmoja, mama yangu."

"Sabini. Hawa wamesomeshwa na profesa."

"Basi profesa awanunue. Hamsini."

Niliondoka mara moja. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Kuku themanini kwa hamsini ni elfu nne. Hesabu hiyo sikuirudia.

Nikalipa Njiru siku mbili kabla ya mwaka kuisha, nikapewa kipande changu: ardhi ya kufugia kuku, nami nimewauza kuku ili niipate. Nilihamia na kuku watatu, mabati na lile sanduku la mashine, ambalo hakuna aliyekuja kulichukua. Mhadhiri aliniambia kwamba vitabuni kwao lilikwisha kufutwa. Kwa wafadhili halipo. Nilimwambia lipo, ndilo meza yangu. Mzee wa Kiamaiko aliposikia mkasa wote alinitumia mbuzi jike, bure, na safari hii sikuuliza bei.

Ilinichukua muda mrefu kufika tena kuku themanini. Mtoto wangu wa pili alikaa nyumbani muhula mzima. Mhadhiri akawa mkubwa wa idara, akaendelea kununua trei kila Jumapili kwa bei niliyoitaja, bila kubisha, mpaka nikaanza kuitaja ya haki. Alizeeka, akafariki, Mungu amrehemu. Ndiye aliyekuwa shahidi wangu wa Kiingereza.

Sasa nauliza ninyi mnaosoma, hasa wenye watoto waliokwenda kusoma huko kwenye baridi. Chuo hicho kipo bado. Vyuo vyao havifi. Risiti ninazo, zote za madebe mia nane, na kama wanataka kuhesabu mara mbili nitangoja. Riba siombi. Jogoo nimesamehe, alikuwa wa wageni. Naomba elfu nne zangu tu, zile za kubeba. Na kama haziwezekani, basi nishaurini: mlango wa kwanza kubisha ni wa profesa, wa wafadhili, au wa mwenye ufunguo wa chungu?